Niko Mahali Pake

Daftari lilinuka samaki wa moshi. Kabla sijaona jalada lake, kabla Neema hajaliweka juu ya meza ya baraza yangu, pua ilikuwa imekwisha kujua kwamba kitu hiki kimekaa miezi mingi juu ya meko ya mtu, mahali mchwa hawafiki. Nilisogeza kiti nyuma. Watu walionifahamu Lubumbashi wanajua kwamba samaki wa moshi haingii nyumbani kwangu. Huwaambia tumbo langu halipatani naye, nao huamini, kwa sababu mtu mwenye diploma mbili huaminiwa hata katika mambo ya tumbo.

Neema ni msichana wa shule, katibu wa kundi la vijana la kanisa letu la Mikelenge. Alikuja kunikumbusha kwamba siku ya Mungu ijayo ni mimi nitakayezungumza na vijana. Mada waliyonipa ni namna ya kujitegemea, na nitasema bila aibu kwamba walichagua mtu sahihi. Nyumba yangu ndiyo ya kwanza katika barabara yetu kuwa na vigae sakafuni. Diploma zangu nimezitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuziona. Nilisoma nikiuza maandazi asubuhi mbele ya lango la shule ileile niliyosoma, na niliporudi Kindu kwa treni baada ya zaidi ya miaka ishirini, wapakuzi wa stesheni waliitazama mizigo yangu, wakauliza ni familia ngapi zinazohama. Sikuachiwa kitu na mtu. Maneno hayo yalikuwa sentensi ya kwanza ya hotuba yangu, na hotuba ilikuwa na kurasa sita.

"Mama, nimeleta na liste ya majina," Neema alisema. "Nilitaka uone ya kwako. Iko mu ukurasa wa pili."

"Jina langu bado limo?"

"Inaitwaka kila siku ya Mungu. Kuna mama moja wa pale bandarini njo anasimamaka. Anasemaka: niko mahali pake."

Alifungua. Nililiona jina langu, kwa mwandiko wa duara niliokuwa nimeusahau. Juu yake palikuwa na jina jingine, limekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, uliopigwa kwa rula. Nililifunga daftari, nikamwambia Neema kwamba nimechoka. Ilikuwa kweli, ila uchovu wenyewe haukuwa wa siku ile.

Ninyi mlio wa umri wangu, mliokulia hapa, mnakumbuka kwamba miaka ya vita kila mtaa ulikuwa na maombi yake. Wengine walifunga kula, ingawa kula kwenyewe hakukuwapo. Wengine walipiga kelele mpaka sauti zikakauka, wakitaja mapepo kwa majina. Kundi letu halikuwa hivyo. Lilikuwa la Yaya Marceline, dada mkubwa wetu sote, binti mrefu aliyeshona nguo kwa cherehani ya mkono na aliyekuwa na pini mdomoni hata alipokuwa anatufundisha. Hakututisha kwa moto. Hakutuahidi miujiza. Alichokiamini kilikuwa kimoja, na alikirudia mpaka sisi watoto tukamwigiza akitupa kisogo: kwamba mbele ya Mungu hakuna kiti kitupu.

Njia yake ya kazi ilikuwa hii. Mtoto akiingia kundini, alipewa mwenzake wa pili. Hukumchagua. Yaya Marceline ndiye aliyemchagua, na alifanya makusudi kukupa mtu ambaye mama yako asingekupa. Kila siku ya Mungu, baada ya wimbo wa kwanza, aliita majina. Aliyekuwepo alisema "niko." Asiyekuwepo, mwenzake alisimama na kusema "niko mahali pake," na wiki ile yote alifanya ya kwake na ya mwenzake: aya yake ya kukariri, kufagia kwake, na hasa ndoo yake, maana kila mmoja wetu alikuwa na mzee wa kumpelekea maji mara moja kwa wiki, na mzee huyo hakutakiwa kuwa ndugu yako, wala mtu wa kanisa lako. Wa kwangu alikuwa bibi Mwislamu aliyenipa tende moja kila nilipofika na kunikataza kumwaga maji mlangoni.

Na jina halikufutwa ovyo. Kuhama hakukufuti, wala kukasirika, wala kupotea. Jina lilifutwa kwa kifo tu, na kifo hicho lazima kiwe kimeonwa kwa macho na mtu wa kundi. Uvumi haukukubaliwa. "Midomo ya soko haitaandika mu daftari yangu," alisema na pini zake.

Mimi nilipewa Feza. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa Kasai, na tuliishi katika nyumba za matofali za wafanyakazi, karibu na stesheni. Nilikuwa na viatu vya kufungwa kamba. Feza alikuwa binti wa Mama Wabiwa, mwanamke wa Pangi aliyekausha samaki pale bandarini, na miguu ya Feza ilikuwa migumu kiasi kwamba alizima vijinga vya moto kwa kisigino ili nipige kelele.

"Weye mutoto wa reli," aliniambia siku ya kwanza, "unajuaka kuogelea?"

"Kwa nini niogelee? Kuna daraja Kongolo."

Kongolo ni mbali sana kusini kwa reli; alicheka mpaka akakaa chini. "Daraja ya Kongolo. Akianguka hapa mu maji, atangojea daraja ya Kongolo."

Sikumpenda mwezi mzima. Baadaye sikuweza kula bila kumwachia nusu.

Niseme sasa jambo nililolielewa vibaya, maana lote lilitoka hapo. Siku moja Yaya Marceline alitueleza kwa nini tunasimama kwa ajili ya wenzetu. Alisema Yesu alisimama mahali petu, na sisi tunajifunza kidogo kidogo kufanya kama yeye. Watoto wengine waliitika amina, wakaenda kucheza. Mimi nilikuwa mtoto wa hesabu, wa kwanza darasani tangu mwaka wa kwanza, na akili yangu ilifuata jambo mpaka mwisho wake. Yesu alisimama mahali petu. Ikawaje? Wakamuua. Kwa hiyo anayesimama mahali pa mwingine huchukua kile kilichokuwa kinakuja kwa huyo mwingine. Nilirudi nyumbani nikihesabu ni mara ngapi nimekwisha kusimama. Zilikuwa mbili tu, Feza alipokuwa na malaria, nami kweli niliumwa baada ya mara ya pili. Kwangu hiyo ilitosha.

Kisha Feza alikwenda Lokandu na shangazi yake kuchukua samaki. Ilikuwa safari ya siku chache, na njia ikafungwa nyuma yao. Mnakumbuka neno hilo, njia imefungwa. Hakuna aliyesema nani ameifunga. Mitumbwi haikushuka wala haikupanda. Treni ilikuwa imelala tangu zamani, majani yameota kati ya mataruma. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, asubuhi sombe na jioni sombe, na mama yangu aliosha nguo kwa majivu. Kanisani, bati lilikuwa limetobolewa na risasi mahali pengi, na mwanga uliingia kwa vishimo, ukatuwekea madoa mabegani kama sarafu.

Yaya Marceline aliendelea kuita majina. Walioitika walikuwa nusu ya kundi. Watoto walisimama mahali pa watu wawili, watatu, na ndoo zao ziliongezeka hivyohivyo. Nilisimama kwa ajili ya Feza siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kila niliposema "niko mahali pake," nilisikia kama kuna mtu nyuma ya ukuta anayeandika.

Siku ya nne ya Mungu kulikuwa na msichana mmoja aliyeitwa Espérance, mpole, mwenye makengeza kidogo, aliyesimama kwa ajili ya mwenzake aliyekimbilia porini. Jumanne iliyofuata Espérance alikuwa kisimani na ndoo ya huyo mwenzake. Risasi ilitoka mbali, haikuwa ya mtu yeyote, ikamkuta. Tulimzika kesho yake asubuhi, haraka, na wakati wenzangu wanalia mimi nilirudia hesabu yangu, nayo ilikuwa imetoka sawa.

Siku ya Mungu iliyofuata Yaya Marceline aliita, "Feza."

Sikusimama. Aliinua macho. Alikuwa mtu wa kungoja, hakuita mara ya pili upesi. Nilitazama doa la mwanga juu ya goti langu.

"Feza," alisema tena, polepole.

"Ameisha kufa," nilisema.

"Nani alikuambia?"

"Hapana kuambiwa. Nilimuona. Mu maji, pale bandarini. Alikuwa anapita."

Sauti yangu haikutetemeka. Nilikuwa hodari wa kukariri, nanyi mnajua mtoto hodari anavyosema. Yaya Marceline alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kola yake. Aliuliza tena kama ni kwa macho yangu. Nilisema ndiyo. Akaweka rula, akapiga mstari, na kundi likaimba wimbo wa kuaga.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Sikumfikiria Mama Wabiwa hata kidogo. Mama huyo alikuwa anashuka bandarini kila asubuhi, anauliza kila mwenye kasia kama ametoka upande wa Lokandu, na kila asubuhi alikuwa na beseni lenye gauni safi la Feza, limekunjwa, ili mtoto asipite mjini mchafu. Jioni ya siku ile alikuja nyumbani kwetu akiwa amekwisha kunyoa nywele. Mama yangu alinisukuma mbele yake.

"Njo weye ulimuona?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa amelala namna gani? Uso juu ao chini?"

"Juu," nilisema, kwa sababu nilifikiri ndiyo bora.

Alinishika kichwa kwa mikono miwili. Mikono yake ilinuka moshi. "Aksanti, mutoto wangu," alisema. "Minaogopaka asiwe na muntu wa kumuangalia." Kisha akafungua kitambaa, akampa mama yangu samaki mmoja mkubwa aliyekaushwa, katika siku ambazo samaki kama huyo alikuwa maisha ya nyumba nzima. Tulimla usiku huo, sisi sote sita. Nililamba vidole. Alikuwa mtamu kuliko chochote nilichokula utotoni mwangu, na sijala mwingine tena.

Baada ya matanga Mama Wabiwa alivuka kwenda Alunguli, akashika njia ya kwao Pangi kwa miguu. Hakuwa tena na sababu ya kukaa mtoni. Siku hiyohiyo baba alipata nafasi kwenye kigari cha reli, kile kinachosukumwa kwa mikono, na tukaondoka kuelekea kusini, tukilala kwenye stesheni zisizo na milango. Nilihesabu mataruma mpaka nikachoka. Nilifurahi kwamba tunakwenda mahali ambapo hakuna anayeita majina.

Nimefika mbali, hilo halikanushiki. Lakini kila diploma niliyopewa niliiweka juu ya jambo hili, kama mtu anayeweka mawe juu ya kifuniko cha pipa, na kila mara niliona kifuniko bado kinainuka. Mtoto ndani yangu hakuogopa tena kufa. Aliogopa kwamba maneno yake ndiyo yaliyomuua Feza, kwamba siku nilipoondoka mahali pake, palibaki patupu, na kilichokuwa kinakuja kikamkuta.

Siku mbili baada ya Neema kuniletea daftari nilishuka bandarini kumtafuta huyo mama anayesimama mahali pangu. Nilivaa viatu vyangu vizuri, kwa mazoea. Mwanamke mnene alikuwa anapanga samaki juu ya turubai, anazozana na mteja, na kisigino chake kilikuwa kinasukuma kijinga cha moto kurudi chini ya kichanja.

"Mutoto wa reli," alisema bila kuinua kichwa. "Daraja ya Kongolo iko muzima?"

Nilikaa juu ya kreti ya bia. Feza alimaliza na mteja wake kwanza. Ndipo alipopangusa mikono, akanitazama viatu, kisha uso.

"Umenona," alisema.

"Na weye."

"Mie ni samaki. Weye ni nini?"

Hatukucheka sana. Alinieleza kwa sauti ya mtu anayepanga bidhaa. Alirudi kwa mtumbwi wiki tatu baada ya sisi kuondoka. Bandarini hapakuwa na mtu wa kumpokea, na nyumba yao ilikuwa na watu wengine. Aliambiwa kwamba amekufa na amekwisha kuliliwa. Alimtafuta mama yake mpaka masika mbili zikapita, na alipompata kule ndani ya Pangi, Mama Wabiwa alimtazama miguu kwanza, kuona kama inakanyaga chini. Walirudi wote wawili, wakaishi hapa pamoja mpaka mama alipokufa kwa ugonjwa, kitandani, akiwa mzee.

"Alijua?" niliuliza.

"Kwamba ulisema uongo? Alijua. Yaya Marceline alijua mbele yake, hata mbele sijarudi. Ile siku matanga iliisha, akiwa anapanda kitandani, akajiuliza: Feza iko Lokandu, na Lokandu iko chini, kule maji inaendaka. Maji ya Lualaba haipandaki. Maiti ya Lokandu itafika bandari ya Kindu na miguu gani?" Alitikisa kichwa. "Akakimbia kwa mama asubuhi. Mama ameisha vuka, na nyinyi mumeisha ondoka."

Umri ule wote sikuwahi kuliwaza jambo hilo. Mimi nilikuwa mtoto wa reli, na kwenye reli kinachokwenda hurudi kwa njia ileile. Mtoto yeyote wa mtoni, hata mjinga wa mwisho darasani, asingedanganya hivyo.

"Kwa nini hawakukuandika tena?"

"Yaya Marceline alitaka. Mie njo nilikataa. Angeandika nini? Kwamba ulisema uongo, na weye hauko, na hakuna wa kusimama akujibie? Nikamwambia, acha mustari. Ule aliyeiweka atakuja kuitoa. Mie nitaitikaka jina yake, kwa sababu niko wa pili wake. Yaya Marceline amekufa mwaka uliopita na daftari ikabaki kwangu, juu ya samaki." Akainua kidole. "Na ndoo, usisahau. Ndoo yako nimebeba. Wazee wako wanakufa, ninapewa wengine. Umenichosha, ndugu yangu."

Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu kubeba.

Siku ya Mungu niliketi kiti cha mbele, na kurasa zangu sita ndani ya bahasha. Bati la kanisa ni jipya, hakuna madoa ya mwanga. Baada ya wimbo wa kwanza Neema alianza kuita. Vijana waliitika, niko, niko, niko mahali pake. Alipofika ukurasa wa pili aliita jina langu, na kwa mazoea wote waligeuka kumtazama Feza, nyuma karibu na mlango. Feza alikuwa ameweka mikono juu ya magoti. Hakusimama. Aliangalia dirisha kama mtu anayengoja mvua.

Ningeweza kutikisa mkono tu na kutabasamu, kama mgeni wa heshima. Wangepiga makofi.

Nilisimama. "Niko," nilisema. Kisha, kabla Neema hajaendelea, "Soma lililo juu ya langu."

"Mama, ile ilifutwa."

"Soma hivyohivyo."

"Feza," alisoma, akisita.

"Nilisema nimemuona amekufa. Sikumuona. Niliogopa kusimama mahali pake, nikasema uongo, na mama yake akanyoa nywele kwa ajili ya maneno yangu. Naomba mstari utolewe."

Vijana walitazamana. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa, na kwao Feza ni mama wa samaki tu. Nyuma nilisikia benchi likilia. Feza alikuwa anainuka polepole, akishika magoti na kuyalalamikia.

"Niko," alisema, akakaa.

Neema alitafuta kalamu. Mstari wa rula haufutiki, kwa hiyo aliandika jina upya pembeni, kwa herufi za shule. Ndipo akaniuliza kwa adabu kama niko tayari kwa hotuba. Niliwaambia mada yao siijui kama nilivyodhani. Niliwaeleza badala yake juu ya Yaya Marceline na pini zake, maneno ya dakika chache, na mengine sikumbuki vizuri. Bahasha ilibaki kitini.

Baada ya ibada vijana waligawana ndoo chini ya ukuta, kama sisi zamani. Feza alichukua ya bluu, yenye mshikio uliofungwa waya, akaniwekea miguuni.

"Muzee wa wiki hii anakaa juu, nyuma ya shule," alisema. "Anafokaka ukimwaga mlangoni."

"Feza, sijabeba maji tangu utoto."

"Inaonekana."

Nilivua viatu, nikaviacha pale pamoja na bahasha. Njia ya kutoka kisimani inapanda, na ilikuwa na joto la saa sita. Feza alitembea nyuma yangu mikono mitupu, akinihesabia kila tone lililoanguka. Shingo iliniuma, maji yaliingia mgongoni, na sikuomba tupumzike. Ilikuwa zamu yangu.